Pampu ya umeme na nguzo za hewa za hema la ubavuni mwa gari

Swali: Assalaam alaykum. Nafanya biashara ya chai, mahamri na vitafunio kwenye gari aina ya Noah, kwa kawaida hapa Jambiani na siku za shughuli Makunduchi. Kaka yangu aliyeko Uingereza ameniletea hema la kuunganishwa ubavuni mwa gari, lile lisilokuwa na miti wala vyuma bali nguzo za kujazwa upepo. Pampu yake haikuja, kwa hivyo kijana wangu anatumia pampu ya umeme ya kujazia matairi. Inachukua muda mrefu, inachemka hadi haishikiki, na mara nyingi fyuzi hukatika kazi inapokaribia kwisha. Zaidi ya hayo, hema nikilijaza mchana likawa imara, asubuhi nalikuta limelegea. Nikilijaza alfajiri, adhuhuri linakazana hadi naogopa litapasuka. Je, pampu ni mbovu au hema limetoboka? Na likitoboka, fundi pancha wa kwetu ataweza kuliziba?

Jibu: Wa alaykumu ssalaam, dada yangu. Kwa namna ulivyoeleza, pampu yako haielekei kuwa mbovu, na hema huenda halina tundu hata moja. Pampu iliyoundwa kwa kazi moja imepewa kazi nyingine, na hewa iliyomo ndani ya nguzo inafanya kile ambacho hewa yoyote iliyofungiwa hufanya inapopata joto na inapopoa. Nitayaeleza yote mawili, lakini ushauri wangu mkubwa ni huu: umeme uachiwe kazi ya kujaza, paundi za mwisho zimaliziwe kwa mkono, na kabla ya kuamua nguzo ikazwe kiasi gani uangalie kwanza ni saa ngapi na jua liko wapi.

Mahema ya aina hii yalikusudiwa watu wa Ulaya wanaosafiri na karavani, yaani nyumba ndogo za magurudumu zinazovutwa na gari, au wanaolala ndani ya magari yao wakiwa matembezini. Zamani yalisimamishwa kwa fito za chuma au za fiberglasi, na siku hizi mengi husimama kwa hewa. Ndani ya kila nguzo mna vitu viwili. Kuna tyubu ya plastiki laini, aina ya poliurethani, ambayo kazi yake ni kuzuia hewa isitoke tu. Peke yake haina nguvu, na ukiijaza ikiwa uchi itavimba ovyo mpaka ipasuke. Juu ya tyubu kuna ala ya kitambaa kigumu kisichonyumbuka, iliyofungwa kwa zipu ndefu, nayo ndiyo inayobeba msukumo wote. Tafadhali likumbuke jambo hili la ala na zipu, kwa sababu hema za aina hii mara nyingi huharibikia hapo, na nitalirudia.

Sasa tuje kwenye kipimo. Mafundi wetu wa matairi husema "paundi", nao humaanisha paundi kwa kila inchi ya mraba, kipimo kinachoandikwa psi kwenye geji. Tairi la gari lako hujazwa paundi thelathini na kitu. Nguzo za hema, kwa watengenezaji walio wengi, zinahitaji baina ya paundi 5 na 10, na paundi 7 ni kiwango cha kawaida kabisa. Kiwango cha hema lako kimeandikwa karibu na vali au kwenye kijitambaa kilichoshonwa chini ya nguzo, na hicho ndicho cha kufuata, si maneno yangu wala ya jirani. Ikiwa maandishi yamefutika, mimi ningesimama kwenye paundi 6: ukiibonyeza nguzo kwa kiganja pale inapopinda juu begani na isikunjike, inatosha. Nguzo nene isilazimishwe kuwa ngumu sawa na nguzo nyembamba, kwani kwa paundi zile zile kitambaa cha nguzo nene huvutwa kwa nguvu zaidi. Angalieni pia geji inasoma kipimo gani, kwa sababu pampu nyingi za kidijitali hubadilisha vipimo kwa kubonyeza kitufe kimoja, na paundi 7 ni sawa na baa 0.48 tu. Mtu aliyekusudia baa 0.5 akaweka 5 anaitafutia nguzo paundi zaidi ya 70. Kadhalika, pampu za matairi huwa na alama ya gari ambayo ukiigusa inajipangia paundi 35 hivi yenyewe. Kijana wako asiiguse alama hiyo, wala asiiache pampu ikiwaka akaenda kuchota maji.

Kuhusu kuchelewa na kuchemka, wingi wa hewa na nguvu ya kusukuma hewa ni mambo mawili tofauti, na pampu ndogo aghalabu hutoa moja kwa kulipia kwa jingine. Tairi la Noah lina nafasi ya lita 30 hivi. Nguzo moja yenye kipenyo cha sentimita 15 na urefu wa mita 6, kuanzia ardhini, kupita juu hadi ardhini tena, ina nafasi ya lita zipatazo 106. Hema lenye nguzo tatu kama hizo linataka nafasi ya matairi kumi na zaidi, na ili lifike paundi 7 lazima liingie karibu lita 470 za hewa ya nje. Pampu ya matairi inayotoa lita 30 kwa dakika itafanya kazi hiyo kwa zaidi ya robo saa bila kupumua, ilhali nyingi zimeandikwa kwenye boksi lake kwamba zipumzishwe baada ya dakika 10 au hata kabla ya hapo. Pistoni yake ni ndogo, silinda yake haina maji ya kuipoza, na hewa inayobanwa hupata moto kwa kule kubanwa kwenyewe. Ndiyo maana haishikiki. Si ugonjwa, lakini ukiendelea hivyo utakuwa ugonjwa, maana mpira wa pistoni huungua na mpira wa kutolea hewa huyeyuka pale unapoungana na chuma.

Upande wa pili kuna zile pampu za feni za kujazia magodoro ya hewa. Hizo humimina hewa nyingi kwa dakika moja, kisha huishiwa nguvu hata kabla ya kufika paundi moja, zikabaki zinapiga kelele bure. Nguzo itasimama wima kwa haya, lakini upepo wa kwanza utailaza.

Inayofaa ni pampu ya hatua mbili, ambayo huanza kwa feni yenye hewa nyingi, kisha ikahamia yenyewe kwenye pistoni na kusimama ifikapo paundi ulizoipangia. Hizi hutumiwa na wenye zile mbao za kujazwa hewa ambazo mtu husimama juu yake na kupiga kasia. Hapo ulipo una jambo la kukusaidia ambalo mtu wa Mjini hana, nalo ni ujirani na kijiji cha Paje. Vijana wanaoteleza juu ya maji kwa tiara kubwa hujaza ukingo wa mbele wa tiara zao kwa paundi zinazokaribiana sana na za hema lako, wengi kwa pampu ya mkono yenye silinda pana, ya kusimama na kusukuma kwa mikono miwili. Pampu hiyo ya mkono ikiwa na geji ni kifaa bora kuliko watu wanavyoidhania. Haichemshi hewa kama ile ya matairi, haitaki fyuzi, na mkono wako mwenyewe hukuambia kwamba sasa inatosha. Kama fedha hazitoshi kununua ya hatua mbili, nunua feni ya magodoro na pampu ya mkono. Kwa pamoja ni rahisi, na zinafanya kazi nzuri kuliko hiyo ya matairi. Ila hakikisha unapata kichwa kinacholingana na vali ya hema, kwani vali za mahema si za matairi.

Fyuzi kukatika karibu na mwisho kunaeleweka. Pampu ya pistoni huvuta umeme kidogo nguzo ikiwa tupu, na kadiri hewa ya ndani inavyoirudisha nyuma ndivyo mota inavyoelemewa na kuvuta zaidi. Fungua kifuniko cha tundu la laita kwenye gari lako usome. Magari mengi ya Kijapani yameandikwa pale 12V 120W, yaani ampea 10 na si zaidi. Pampu ikidai ampea 12 au 15 katika dakika za mwisho, fyuzi inakatika kwa haki yake. Nakuomba usikubali fundi akuwekee fyuzi kubwa zaidi kwenye nafasi hiyo, wala waya wa shaba badala ya fyuzi, kwa sababu kitakachochemka baada ya hapo ni nyaya zilizo nyuma ya dashibodi, na huko hakuna anayeona moshi mpaka uwe umeshakuwa moto. Njia iliyo salama ni kuchukua umeme moja kwa moja kwenye betri, kwa waya mnene wenye vibanio viwili na fyuzi yake yenyewe ya kiasi kilichoandikwa kwenye pampu, iliyowekwa karibu na kibanio cha chanya. Usiogope kumaliza betri: ampea 10 kwa dakika 10 hazifiki hata ampea-saa 2, na betri ya gari lako ina makumi yake.

Baadhi ya watu huwasha injini ili pampu ipate volti zaidi, na ni kweli inakwenda kasi. Lakini hema lako limeungana na mlango wa gari, na moshi wa ekzosi una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu akiwa amekaa tu. Ikiwa ni lazima injini iwake, basi iwe kabla ya kuta za hema kufungwa, ekzosi ikiangalia upande unakokwenda upepo, na izimwe mara kazi inapokwisha. Jiko lako la mkaa nalo hutoa gesi hiyo hiyo, kwa hivyo lisiingizwe ndani ya hema hata mvua ikinyesha.

Sasa niingie kwenye lile linalokutia hofu zaidi, kukaza na kulegea. Chukua mfano wa nguzo iliyojazwa paundi 7 alfajiri, joto likiwa nyuzi 24. Jua la adhuhuri likikipiga kitambaa cheusi au cha kijivu, hewa ya ndani inaweza kufika nyuzi 50, na kwa kuwa ala hainyumbuki, geji itasoma karibu paundi 9 bila mtu kuongeza hata pumzi moja. Geuza mfano huo: nguzo iliyojazwa paundi 7 ikiwa na moto wa nyuzi 50 itakuwa na paundi 5 na robo tu itakapopoa usiku hadi nyuzi 24. Ongeza hapo kwamba pampu ya matairi huingiza hewa iliyokwisha kuchemka, ambayo hupoa ndani ya robo saa hata kama jua bado lipo. Ndivyo hema lako linavyolegea asubuhi bila kuwa na tundu lolote.

Kwa hivyo ukijaza alfajiri, acha nafasi. Kama kiwango cha mtengenezaji ni 7, simama kwenye 6, ukijua kwamba jua litaimalizia. Ukijaza mchana, jaza kivulini ikiwezekana, simamisha pampu, subiri hewa itulie, halafu ndipo upime. Na ukishapima usifukuzie paundi zilizopungua, kwa sababu kesho mchana zitarudi zenyewe. Hema likilala limesimama, kabla ya saa nne asubuhi pitia kila nguzo kwa geji ya mkono na utoe kidogo palipozidi. Baadhi ya mahema yana vali ya usalama inayotoa hewa yenyewe ikizidi. Yako kama inayo, usidhani inavuja unapoisikia ikipuliza mchana. Na geji ya pampu isisomwe pampu ikiwa inasukuma, kwa kuwa wakati huo inaonyesha msukumo uliomo ndani ya mpira mwembamba wa kupitishia hewa, ambao ni mkubwa kuliko uliomo ndani ya nguzo.

Ukitaka kujua kwa yakini kama pana tundu, fanya jaribio wakati ambao joto halibadiliki sana. Jaza baada ya magharibi, subiri nusu saa, ongeza mpaka paundi 7, kisha funga vile vifungio vidogo vinavyotenganisha nguzo moja na nyingine kama hema lako linazo nguzo zilizounganishwa. Alfajiri, joto likiwa limeshuka nyuzi tatu hivi, nguzo isiyo na tundu itakuwa imepoteza takriban robo paundi. Iliyopoteza paundi 2 ndiyo inayovuja. Usipofunga vifungio hivyo, moja mbovu itazilegeza zote na hutajua ya kuilaumu.

Kabla ya kuitilia shaka tyubu, itilie shaka vali. Mchanga wa pwani yetu ya mashariki ni laini mno, na chembe chache zikikaa kwenye ule utando wa mpira unaoziba hewa, nguzo haitakaza usiku kucha. Vali nyingi za mahema zina vifuniko viwili: cha juu hufunguliwa ili kujaza, na hewa haitoki kwa sababu ya utando uliomo; cha chini kikifunguliwa hewa yote hutoka kwa mara moja, kwa hivyo kijana asije akakifungua kwa makosa wakati nguzo imejaa. Aina nyingine ina kijiti katikati, ambacho hubonyezwa na kuzungushwa. Kikiwa juu hewa huingia bila kutoka, kikiwa kimezama hewa hutoka. Osha vali kwa maji baridi, ukaushe, ujaze, kisha paka povu la sabuni uangalie mapovu. Pampu nayo iwekwe juu ya boksi au kiti wakati wa kazi. Ikilazwa chini huvuta mchanga na kuupuliza ndani ya tyubu, na huko hakuna wa kuutoa.

Nilisema nitarudi kwenye zipu. Kabla pampu haijaunganishwa, mmoja wenu apapase kila nguzo kutoka chini hadi chini upande wa pili, ahakikishe kwamba zipu imefungwa hadi mwisho na kwamba tyubu haijajisokota ndani. Palipobaki wazi hata upana wa vidole viwili, tyubu huchomoza pale kama ngiri, na hilo huonekana mapema, kwenye paundi 2 au 3, likiwa bado halijaleta madhara. Kwa sababu hiyo napendelea pampu isimamishwe kwenye paundi 2, nguzo zikaguliwe zote, halafu ndipo iendelee. Kona mbili za nyuma, zile zilizo upande wa gari, ziwe zimeshafungwa ardhini kabla ya kuanza, ama sivyo hema likianza kuinuka litakokotwa na upepo. Huko Makunduchi wakati wa Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya wa jadi, mwezi wa Julai, kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, ndiyo inayovuma, na vigingi vifupi vilivyokuja na hema havitashika kwenye mchanga mtupu. Funga kamba kwenye mifuko iliyojazwa mchanga na kuzikwa. Nguzo za hewa hupinda na kusimama tena, na hiyo ni sifa yake, ila haziwezi kushikilia hema ambalo halikufungwa.

Swali lako la mwisho ni la fundi pancha. Fundi wa baiskeli ana kiraka cha mpira na solusheni, na dawa hiyo hushika mpira kwa mpira. Tyubu yako si mpira. Ni poliurethani, na kiraka cha baiskeli kitaonekana kimeshika leo, kesho kikibanduka kwa joto. Hapa tena ningekutuma Paje, kwa sababu tyubu za ndani ya zile tiara hutengenezwa kwa plastiki ya jamii hiyo hiyo, na wanaozitengeneza huwa na viraka na gundi vinavyofaa. Kazi yenyewe unaweza kuifanya nyumbani ukishapata kiraka. Toa hewa yote, fungua zipu, ichomoe tyubu na uipulizie hewa kidogo tu ya kuipa umbo, bila kuitia paundi, kwa kuwa sasa haina ala ya kuishika. Izamishe kipande kwa kipande kwenye karai la maji, weka alama ya kalamu panapotoka mapovu, ikaushe, futa pale kwa spiriti mpaka mafuta na chumvi viondoke, kisha bandika kiraka kwenye sehemu iliyonyooshwa juu ya ubao na ukiache kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti yake. Unapoirudisha ndani ya ala, itangulize vali kwenye tundu lake, nyoosha tyubu urefu wote, funga zipu, tia paundi 2 kwa mkono na upapase begani pale nguzo inapopinda. Ukihisi fundo, ujue imejisokota, toa hewa uanze upya kabla hujaunganisha pampu ya umeme.